Nyasi Mbichi Kwenye Kasha la Kamba

Kraten, Kerkennah
28 Machi 1993

Mwanangu Khemais,

Salamu hizi zikukute umekula na umelala. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linaninung'unikia kila nikishuka majini, nami nalinung'unikia vilevile, na hatujapatana. Rim anakusalimu. Idi imepita bila wewe. Nilikuwekea vileja kwenye kopo, nikangoja kivuko cha kwanza, nikangoja cha pili, kilipokuja cha tatu bila wewe nikavila mwenyewe. Usinilaumu.

Sasa kaa vizuri usome. Binti yangu Rim ameposwa. Mwenye bahati ni Anis, mtoto wa Mzee Mokhtar, wale ambao uzio wao wa makuti wa kutegea samaki umepakana na wetu baharini. Tangu enzi za babu zetu tumepakana majini, sasa tutapakana hadi jikoni. Karamu ya posa ni Mei, tarehe kumi na sita, na ndoa ni Julai. Baba yake Rim hayupo, na kaka yangu, baba yako, hayupo, Mungu awarehemu wote. Mwanamume wa nyumba hii umebaki wewe. Wewe ndiye utakayekaa mbele ya mwandishi wa ndoa uwe wakili wa kumwozesha dada yako. Nilimtajia wengine kwa kumtania tu, akaniambia kama si Khemais basi hakuna harusi.

Hayo ndiyo mazuri. Mabaya ni kwamba wiki moja kabla ya mfungo meli za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota zilikuja tena kutoka bara. Si kule kwenye maji marefu wanakoruhusiwa. Zimekuja hapa kwetu, mahali ambapo ukiinama unaona kivuli chako chini. Ilikuwa alfajiri ya ukungu. Zikaburuta minyororo yao katikati ya uzio wa Mzee Mokhtar, zikaupasua kuanzia mlangoni hadi kwenye dema la mwisho. Makuti aliyoyapanda na wanawe vuli nzima yakawa yanaelea kama takataka. Na Faouzi, mvuvi wa pweza, mitungi yake yote ya kuwategea imekuwa vigae.

Wetu haukuguswa, hata kuti moja. Watu walikuja kutazama wakasema Salha ana dua. Nikamshukuru Mungu, nikapika sinia la kuskusi nikatoa sadaka mtaani. Nilimpelekea na Mzee Mokhtar mwenyewe. Alikula, akaniombea.

Watu hao hawana mama. Namshukuru Mungu kwamba wewe uko kwenye meli ya maji marefu, maana nisingejua pa kuuweka uso wangu.

Shangazi yako aliyekulea na bado anakulea,
Salha


Sfax
11 Aprili 1993

Shangazi yangu mpenzi,

Natumaini goti limekubali suluhu. Mimi sijambo, isipokuwa mikono imepasuka kwa chumvi na barafu, hata kalamu inauma. Mwambie Rim nimefurahi mno. Nitakuja, na nitavaa suti, Mzee Mokhtar anione asinijue.

Kazi ipo. Sisi tuko mbali, maji marefu kabisa, chini ni tope tupu. Ila kamba siku hizi wamekuwa adimu. Wavu unapanda umejaa hadi unafikiri leo tumepata, ukimwagwa sitahani unakuta ni vitoto: changu wa urefu wa kidole, taa wachanga, ngisi, kaa, farasi wa bahari. Tunawachambua kamba, na hao wengine tunawasukuma baharini kwa beleshi. Wengi wamekwisha kufa. Ndoo moja ya kamba inatutupisha makapu kwa makapu. Shakwe wametuzoea, wanatufuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Mwanzoni nilikuwa sitazami nyuma. Sasa natazama tu. Nahodha anasema bahari ni kubwa.

Mpe pole Mzee Mokhtar. Ukungu una mambo yake.

Kwa karamu ya posa usihangaike na samaki. Nitakuletea kamba wakubwa, kasha zima, wageni wasahau jina la bibi harusi.

Mwanao,
Khemais


Kraten
25 Aprili 1993

Mwanangu,

Mzima? Sisi wazima, na Rim amenenepa kwa furaha, gauni litabidi lishonwe upya.

Hilo la beleshi limeninyima usingizi. Kwenye dema samaki anakungoja akiwa hai, unamchagua, mdogo unamwachia. Umesahau babu yako? Akimkuta changu mdogo alimrudisha majini akimwambia, "Nenda ukamwite baba yako." Nasi tulicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia. Mwaka huu ukifungua dema hakuna baba wala mtoto. Ni kaa tu, nao wamekonda. Ngisi waliokuwa wakitaga mayai kwenye nyasi za bahari hawakuja, maana watakuja kutaga wapi? Pale meli zilipopita nyasi zimeng'oka zote. Maji yamekuwa ya maziwa na hayatulii.

Mzee Mokhtar alinichukua kwa mtumbwi akanionyesha. Ni mfereji, mchanga mtupu, umenyooka. Akaniambia, "Angalia hapa, Salha. Njia inakuja moja kwa moja kwenye uzio wako. Halafu inakata kushoto, inapita kwangu, halafu inarudi ilikokuwa. Nahodha wa bara kajuaje kukata hapa?"

Nikamwambia ni dua. Akanitazama, akasema, "Labda."

Kamba nawangoja. Mzee mwenyewe nimeshamwambia kwamba mwanangu ataleta.

Shangazi yako,
Salha


Sfax
14 Mei 1993

Shangazi,

Naandika kwa haraka, kivuko kinaondoka na kasha hili. Wamechaguliwa mmoja mmoja. Nimewalaza kwenye nyasi za bahari zilizolowa, kama babu alivyokuwa akilaza samaki wake, kisha barafu juu. Nilipokuwa nawafunika nilisikia harufu ya nyumbani, nikakaa kidogo.

Nahodha hajanipa ruhusa ya kuja, lakini Julai hata akinifunga nitakuja. Mbusu Rim.

Mwanao,
Khemais


Kraten
18 Mei 1993

Khemais,

Salamu. Sisi tuko hai.

Nitakueleza kila kitu kama kilivyotokea, maana nataka ukione. Kasha lilifika, nikasema lifunguliwe uani, mbele ya wageni. Nilitaka waone. Nilitaka kujisifu, ndiyo, nakubali. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikawainua kamba wako kwa mikono miwili, kweli walikuwa wakubwa, nikasema, "Huyu ndiye mwanangu, hana kifani." Chini yao zikaonekana nyasi.

Mzee Mokhtar akanyoosha mkono akachukua fungu. Akaligeuza. Zilikuwa mbichi, kijani kabisa, na zina mizizi. Mizizi, Khemais, na mchanga wetu mweupe umeshikamana nayo.

Babu yako alilaza samaki kwenye nyasi zilizokufa, zile za kahawia ambazo bahari yenyewe hutupa ufukweni. Mbichi yenye mzizi haiji yenyewe. Inang'olewa. Na kwenye maji marefu haioti, jua halifiki huko. Hilo hata mbuzi wa Kraten wanalijua. Wewe ulilijua kabla hujajua kufunga vifungo vyako.

Mzee akaniuliza kwa upole, "Salha, kijana anavua wapi vile?"

"Maji marefu," nikasema.

"Maji marefu," akarudia, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Faouzi akacheka kwa pua. "Basi maji marefu yamehamia Kraten, na sisi hatukuarifiwa."

"Nyamaza, tuko kwa watu," Mzee akamwambia. Akaliweka lile fungu pembeni ya meza, taratibu, kama kitu cha mtu.

Niliwapika kamba kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Upande wao hakuna aliyegusa. Walichovya mkate kwenye pilipili, wakala zeituni, wakasema wameshiba. Watu ambao tangu asubuhi hawajatia kitu tumboni wakaniambia wameshiba, tena kwa adabu zote. Laiti wangenitukana. Sinia lilirudi jikoni limejaa, nikawapa paka. Paka wamekula, wao hawana uzio.

Aibu iliyonipata sijapata kuijua. Nimekaa siku mbili sijafungua mlango wa mbele. Rim analia chumbani na mimi nalia jikoni, tunapeana zamu.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza wapi, na lini. Na usiniandikie habari za ukungu.

Salha, shangazi yako


Kraten
5 Juni 1993

Khemais,

Idi ya kuchinja imepita, hujaja wala hujaandika. Kila kivuko kikifunga gati natuma mtu akaulize. Anarudi mikono mitupu na haniangalii.

Mzee Mokhtar alikuja jana. Hakuingia, alisimama kizingitini. Akasema ndoa iko palepale, binti hakukokota chochote. Ila akasema, "Atakayekaa awe wakili wake, akae akinitazama usoni. Hilo tu." Nikamwambia utamtazama. Nimesema hivyo kwa kinywa changu.

Sasa njoo. Au niambie huji, nitafute mwanamume mwingine.

Shangazi yako


Sfax
19 Juni 1993

Shangazi,

Ulinifundisha barua haianzi bila salamu, basi nakusalimu, ingawa sina uso wa kukusalimia. Natumaini goti halikuumizi. Namwombea Rim.

Ni Kraten. Ni pale pale.

Baridi ilipoingia maji marefu hayakutoa kitu. Tulikokota tope mchana kutwa tukapata mawe na mifuko. Wenzangu sitahani walikuwa wakiniita Kisiwa, hawakujua hata jina langu. Siku moja nahodha akaniuliza mbele ya wote, "Wewe si mtu wa Kraten? Njia ya maji inayoingilika iko wapi?" Kisha akasogea pembeni, akaniachia usukani. Shangazi, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Si kwamba alinilazimisha. Nilifurahi kuwa najua kitu ambacho wao hawakijui, kitu nilichofundishwa na babu nikiwa nimeketi mbele yake kwenye mtumbwi.

Niliwaingiza kwa njia ya babu. Ukungu ulipofunguka kidogo nikaona makuti, nikayatambua, ni yetu. Mkono wangu ukakata kushoto. Nilijua kushoto kuna nini. Siwezi kukuambia sikujua. Meli haikutikisika sana. Nilisikia makuti yakivunjika, mlio mdogo tu, kama kuni za kuwashia moto.

Si dua iliyookoa uzio wetu, ni mimi. Niliposoma kwamba ulitoa sadaka, na kwamba Mzee Mokhtar alikula na kukuombea, nilikuwa nakula, nikainuka nikawamwagia shakwe sahani nzima.

Tulirudi Aprili, tukarudi Mei. Kamba wa Rim wametoka huko. Zile nyasi zilikuwa zimejaa sitahani hadi magotini, nikachukua zilizokuwa karibu. Nilisikia harufu ya nyumbani na sikujiuliza kwa nini nyumbani kuko miguuni pangu.

Nilikuambia maji marefu kwa sababu ulikuwa ukijisifia mimi, nami nilikuwa nazisoma barua zako mara mbili mbili.

Siji. Siwezi kumtazama. Mtafutieni Rim mwingine, na mwandishi akiuliza, mwambie niko baharini.

Khemais


Kraten
12 Julai 1993

Khemais,

Salamu. Rim ameolewa Alhamisi.

Barua yako iliponifikia niliisoma nimesimama, kisha nikavaa viatu nikaenda kwa Mzee Mokhtar. Sikungoja nipate maneno mazuri. Nilimkuta na wanawe wanashona dema. Nikamwambia yote mbele yao, la usukani na la kushoto. Anis aliondoka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nikamwambia Mzee, "Ile kuskusi ya sadaka niliyokuletea, nilikuwa nakulisha msiba wako mwenyewe."

Akafunga fundo la dema. Nikadhani atanifukuza, na ningeondoka. Mwishowe akasema, "Lakini kuskusi ilikuwa nzuri."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wanaume, mimi Salha ambaye sikulia kumzika mume.

Siku ya ndoa mwandishi akauliza, "Wakili yuko wapi?" Nikasema, "Yuko baharini." Watu wote wakatazama chini. Hakuna aliyeuliza bahari ipi. Rim alikuwa akitazama mlango. Alikuwa ameutazama tangu asubuhi, nikamwambia acha, akasema anatazama upepo.

Ndipo Faouzi akainuka. Faouzi yule yule, ambaye mitungi yake umeivunja. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Basi mimi ni jirani, nafaa?" Akakaa mahali pako. Akamtazama Mzee Mokhtar usoni, na Mzee akamtazama, na mkono ukatolewa. Baadaye alikula kwa wawili, kama kawaida yake.

Tulikula kondoo. Nimehudhuria harusi za Kraten tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na hii ndiyo ya kwanza bila samaki.

Nimeamua hivi. Vuli ikifika sipandi kuti hata moja upande wetu mpaka uzio wa Mzee Mokhtar usimame. Mitende yetu nimeshaanza kuikata matawi, yote ni yake. Ameniambia si lazima. Nimemwambia najua.

Nilikulea, na nilichokufundisha ndicho ulichokitumia. Kwa hiyo leo sijui nijiite nani wako.

Salha


Sfax
9 Oktoba 1993

Kwako Bi Salha,

Nakutakia afya. Mimi nina afya kuliko ninavyostahili.

Niliacha meli tangu Julai. Sikukuandikia kwa sababu nilijua itaonekana kama naomba kitu. Napakua mboga sokoni. Mikono imepona.

Watu wa kivuko wameniambia uko majini kila asubuhi unashindilia makuti ya Mzee Mokhtar, na goti lile. Wakasema unachechemea hadi nyumbani na hutaki kushikwa mkono. Nimelifikiria goti lako siku zote hizi.

Sitaki kukaa kwenye meza ya mtu. Nataka kubeba makuti. Ukisema nisije, sitakuja, na sitauliza tena.

Sijui niandike mimi ni nani wako.

Khemais


Kraten
20 Oktoba 1993

Khemais,

Salamu zikukute mzima. Goti ni bovu, sitakudanganya.

Njoo na kivuko cha Alhamisi ya wiki ijayo, kile cha mchana, watu wote wakiwa gatini. Usijifiche ndani, kaa juu uonekane. Sitakuja kukupokea. Utatembea mwenyewe hadi ufukweni na mzigo wako, na kila mlango utakaopita utasalimia, wakiitika wasiitike. Leta viatu vya majini vyenye soli nene, maana chini kumejaa vigae vya mitungi. Mzee Mokhtar hatakuitikia siku ya kwanza. Usimsalimie mara mbili.

Utafanya kazi upande wa kushoto. Uzio utasimama kabla ya baridi, mikono ipo. Ila makuti ni makuti, mtu anayakata na kuyapanda. Nyasi hazipandiki. Nilimuuliza Mzee zitarudi lini. Akapima kwa kidole gumba akanionyesha kipande kidogo tu, akasema zikipona vizuri zinatambaa hivyo kwa mwaka. Nilitazama ule mfereji unavyokwenda, nikaacha kuuliza.

Rim ni mjamzito. Mtoto huyo atazeeka mfereji bado upo, hivyo ndivyo Mzee anavyosema, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Tutamfundisha mtoto bahari kama tulivyokufundisha wewe, hatuna kingine cha kumfundisha. Na akishaweza kuuliza, atauliza kwa nini upande wa kushoto chini ni kweupe. Tumekaa, mimi na Mzee na Rim na Anis, tukakubaliana. Hakuna atakayemjibu. Tutamleta kwako.

Vileja viko kwenye kopo.

Shangazi yako,
Salha